Cherehani ya indastrio ndani ya bedsita, miezi nane baadaye

Watu wamekuwa wakiniuliza kama hii mashine inafaa kwa mtu anataka kushona jioni baada ya kazi, so wacha niandike mara moja niache kurudia. Inafaa kama mikono yako ishaizoea. Kama unataka kuitumia kujifunza kushona, tafadhali achana nayo, hiyo kitu inakimbia na inaweza kukupitisha sindano kwa kidole kabla hujajua umekanyaga.

Mimi mchana niko risepsheni ya kliniki. Lakini kabla ya hapo nilikaa miaka minne EPZ ya Athi River, lile eneo la viwanda vya kuuza nje, kwa zile kampuni zilikuwa zinashona jinzi za kupelekwa Marekani bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Sasa mtu akisikia EPZ anadhani najua kushona mpaka suti. Wapi! Kule unakaa kwa laini na unashona kitu kimoja, wa zipu ni wa zipu, wa kiuno ni wa kiuno, mimi nilikuwa mfuko wa nyuma. Miaka minne, mfuko wa nyuma tu. Ukiniletea kitambaa nikukatie gauni tutalia wote wawili, na nasema hivyo kwa sababu ilitokea, nilikubali gauni la harusi la mwenzangu wa kazini, nikalishonea kwa Singer nyeusi ya mamangu ile ya kukanyaga kwa miguu, mabega yakakataa kulingana, nikalipia kitambaa elfu moja na mia nane na bado tunasalimiana kwa kujilazimisha.

Hapo ndio nilikaa chini nikajiuliza, kwani ni nini hasa najua? Najua kitambaa kigumu, mshono ulionyooka, na spidi. Na hii Nairobi imejaa jinzi ndefu. Mtu anatoka soko la mitumba la Gikomba na suruali kali ya kamera, ile mitumba ya daraja la kwanza, inamtosha kiuno lakini chini inafagia lami. Nikaamua sitashona nguo mpya, nitakunja jinzi na kubana miguu, basi.

Sasa mashine. Ni ya indastrio ya mshono ulionyooka, ile inakuja na meza yake na mota imefungwa chini. Nilinunua yuzd, yaani iliyotumika, kwa elfu 22 kwa duka moja upande wa River Road, jina mniruhusu nisitaje. Kushona inashona vizuri sana. Ile ya nyumbani ya plastiki ukiipa jinzi pale mishono miwili inapokutana inaguna, inasimama, halafu inavunja sindano. Hii inapita. Mimi pale penye unene napagonga kwanza na nyundo mpaka palale, halafu nazungusha gurudumu kwa mkono stichi mbili tatu, sindano namba 16 ama 18, na sijavunja sindano tangu mwezi wa tatu. Sindano zake ni za shina la mviringo, msinunue zile za mashine ya nyumbani zenye ubavu bapa, hazikai. Bobini pia usiazime ya jirani. Mafuta ni yale meupe ya cherehani, inakunywa kwa beseni iliyo chini ya kichwa cha mashine, na kabla hujaiwasha angalia hiyo beseni kwanza maana yangu ililetwa imekauka kabisa na muuzaji alikuwa ameapa imefanyiwa sevisi.

Hilo halikuwa la pekee. Wiki ya kwanza ilikuwa inaruka stichi, nikabadilisha uzi, nikabadilisha sindano, nikajilaumu eti nimesahau kazi. Kumbe taimingi imehama, ile ndoana ya chini haikutani na sindano pale inafaa. Nikapiga simu dukani nikaambiwa "sista, mashine ikishatoka mlangoni ni yako." Nikatafuta fundi wa mashine, akachukua 1,500 na nusu saa ikawa imetulia. Ushauri wa bure: nenda dukani na kipande cha jinzi kutoka nyumbani, kishone hapo hapo mikunjo minne, usikubali kujaribu na kile kitambaa laini wanakupatia.

Lakini kitu kilitaka kunivunja moyo ni mota. Ilikuja na ya klachi, na mota ya klachi ukishawasha swichi inazunguka muda wote hata kama umekaa tu unafumua uzi, inanguruma, inakula tokeni za stima bure, na sakafu yote inatetemeka. Kule kiwandani sikuwahi kuona hilo ni tatizo kwa sababu mashine zilikuwa nyingi na kelele ni ya kila mtu. Huku naishi Umoja, ghorofa ya tatu. Siku ya pili Mama Brayo wa chini alipanda na mwiko mkononi, unga bado umeshika, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, hiyo ni cherehani ama umefungua poshomili?" Nikaomba msamaha, nikaweka vipande vya tairi chini ya miguu ya meza, ikapunguza kidogo tu. Mwishowe nikanunua mota ya servo elfu tisa. Hiyo inazunguka pale tu unapokanyaga, unaweza kuipunguza spidi, na ukinyamaza nayo inanyamaza. Ningejua ningeinunua pamoja na mashine siku ile ile. Kama unaishi ploti au ghorofa, usiwaze klachi, hata wakikupunguzia bei.

Kingine mjue, haina zigizagi, haitoboi matundu ya vifungo, haizungushi ukingo. Nikibana mguu wa suruali ukingo napeleka kwa jamaa wa ovaloki hapo chini kwa shilingi 20. Sijaona haja ya kununua ya kwangu na sitaki kuwa duka la kila kitu, hapo ndipo nilikosea na lile gauni.

Pesa? Kukunja kawaida ni 100, kukunja na kurudisha pindo la orijino ni 200, na hiyo ya orijino ndio watu wanapenda kwa sababu hakuna anayejua suruali ilikatwa. Niko na muuzaji mmoja wa mitumba ananiletea kama suruali 25 kwa wiki kwa bei ya jumla ya 80 kila moja, majirani wanajazia. Nikitoa uzi, stima na ovaloki nabaki na kama elfu nane na nusu kwa mwezi, na kufika mwezi wa tano tangu ninunue, mashine, mota na yule fundi walikuwa wamejilipa. Sio utajiri, ni rent ya bedsita na nauli kidogo. Malipo napokea kwa Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, pesa inakaa kando na ile yangu ya sukuma, halafu mteja hawezi kukulipa, abebe nguo, kisha airudishe pesa kimya kimya akiwa kwa matatu. Hiyo ilinipata mara mbili kabla nijue.

Nashona saa moja jioni mpaka saa tatu, Jumapili sishoni, na Mama Brayo sasa ananiletea yunifomu za watoto. Hapo nimemwambia nakunja tu, sishoni mpya, ananuna lakini anaziacha.

Nyota nne kwa mashine, mbili kwa muuzaji, na hiyo ya pili ni kwa sababu mkokoteni ulikuwa bure. Ile mota ya klachi bado iko chini ya kitanda changu, inafanya kazi vizuri, na kama uko na chumba cha chini kabisa kisicho na jirani, elfu mbili na nusu unabeba.