Uzoefu wangu: kupima mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, nikitokea Masasi

Kipimo hiki nilikifanyia hospitali moja ya Dar es Salaam, na kwangu kimestahili kila shilingi ya nauli. Kwetu miguu hii tumekuwa nayo tangu kwa bibi: myembamba kuanzia goti kushuka chini, unyayo umepinda juu katikati, vidole vimejikunja. Kandambili hunivuka nikiwa natembea na sina habari. Siku hizi na mikono imeanza; msimu wa korosho, kuinyonga itoke kwenye bibo kidole gumba kinagoma. Mama yuko hivyo hivyo, na mjomba pia. Mtaani wanasema tumetupiwa mambo.

Huku nyumbani nilipimwa sukari, virusi vya Ukimwi na ukoma. Nawashukuru kwa hilo la ukoma, maana mikoa yetu bado unao na unaua mishipa vilevile. Lakini sikuwa na baka lolote lenye ganzi, na ukoma haurithiwi kutoka kwa bibi hadi mjukuu.

Daktari bingwa hakuanza na mashine. "Vua viatu, simama kwa visigino." Nikashindwa. Akagonga magoti na vifundo kwa kinyundo, mguu haukushtuka hata kidogo. "Nyumbani nani mwingine ana miguu hii?" Nikamwonyesha kwenye simu picha ya mama amekaa mkekani, nyayo mbele. Akaikuza, akavitazama vile vidole kimoja kimoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana.

Kipimo chenyewe: wanabandika stika kwenye ngozi, wanapitisha umeme kidogo, vidole vinarukaruka. Nyuma ya goti unashtua kweli, ila unavumilika. Siku hiyo usijipake mafuta, stika hazishiki. Na kiyoyozi kikiwa kikali omba upashwe joto kwanza, kwa sababu mikono na miguu ikipoa umeme hupita polepole na majibu hayawi sahihi.

Mkononi kwangu ulipita mita 22 kwa sekunde, wakati mtu mzima mwenye afya hufika 50 au zaidi. Ukishuka chini ya 38, tatizo kwa kawaida liko kwenye utando unaoufunika mshipa, kama mpira wa waya wa umeme uliochubuka. Ugonjwa wetu unaitwa Charcot-Marie-Tooth, majina ya madaktari watatu walioueleza mwaka 1886. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500. Kuuthibitisha kabisa kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho bado sijakifanya kwa ajili ya gharama.

Nilichokichukia ni mapokezi ya majibu. Aliyenikabidhi karatasi, imejaa Kiingereza, alisema "hauna dawa" akaita mwingine. Dawa ya kuuponya haipo, sawa, lakini mtu anahitaji kuambiwa kuhusu mazoezi, splinti (kifaa cha kuvaa mguuni) ya kuinua unyayo na viatu vinavyoshika kifundo. Hayo nilikuja kuambiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo huku kwetu, na splinti imenipunguzia kujikwaa sana.

Ukienda, nenda na mzazi au ndugu mwenye miguu kama yako, au beba picha. Uliza pia kuhusu watoto. Kwa aina ya ugonjwa kama yetu, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Na mwenye ugonjwa huu akipata saratani, amtajie daktari mapema, kwa sababu dawa ya vinkristini inaweza kuiharibu mishipa yake vibaya.