Fundi sola nilivyorudi darasani: wiki sita za umeme wa AC

Nimefunga sola miaka saba, na hesabu yangu yote ilikuwa ya betri: volti mara ampea, unapata wati, basi. Mteja akiuliza mbona inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa AC) ya VA 1,000, yaani volti mara ampea, inagoma kuendesha pampu ya wati 600, namjibu "mota inavuta sana ikianza", huku naomba asiulize zaidi. Ndicho kilichonipeleka kozi ya jioni ya AC, umeme wa soketi unaogeuka upande kila mara, kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Morogoro.

Wiki mbili za mwanzo zilinichosha. Mawimbi ubaoni, volti 230 za soketi kumbe zinapanda hadi 325, zinashuka, zinageuka upande wa pili, mizunguko 50 kila sekunde. Nilinakili tu.

Wiki ya tatu mwalimu akaweka mezani transfoma ya volti 12, rezista (kipinga mkondo) ya omu 100 na kapasita (kitunza chaji) ya pampu, maikrofaradi 20, vimeungwa mfululizo. Nikapima rezista: volti 6.4. Kapasita: 10.1. Jumla 16.5, na chanzo ni 12! Nikadhani mita yangu imekufa, nikaazima ya jirani. Yaleyale. Mwalimu akacheka: "Fundi, hizo hazijumlishwi kama vitunguu." Akachora pembetatu mraba. Volti za kapasita hufika kileleni robo mzunguko baada ya zile za rezista, kwa hiyo unajumlisha vipeo vya pili, halafu unatafuta kipeuo. Nikabonyeza kikokotoo: 12, ikipungua kidogo sana. Usiku ule sikulala mapema.

Pampu nayo ikaeleweka. Koili za mota huchelewesha mkondo nyuma ya volti. Pawafakta, yaani sehemu ya VA inayogeuka wati za kweli, ikiwa 0.6, wati 600 zinataka VA 1,000 nzima, na hapo bado hujahesabu mkupuo wa kuwaka.

Kasoro zipo. Osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, ilikuwa moja kwa watu 18. Mimi niliigusa mara moja. Fezi tatu, umeme wa mashine kubwa, ilibanwa siku mbili za mwisho, nikatoka na nusu yake. Vitini ni fotokopi ya fotokopi, michoro haisomeki. Na kama saini na kosaini za kidato cha pili zimekutoka, zifufue kabla ya kulipa ada, maana hakuna atakayekusubiri.

Ningelipa tena? Ndiyo, kwa ajili ya meza ile ya wiki ya tatu. Siku hizi mteja akinipigia kuhusu pampu, kabla ya bei namwambia anitumie picha ya kibati cha mota, nisome pawafakta yake.