Shokapu za IST, Vitz na wenzake: ipi ununue kwanza na ipi uikimbie

Ukiwa na IST, Vitz, Raum au hizi gari ndogo za Japani zilizojaa Dar, siku ikianza kudunda fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia "bosi, shokapu zimekufa hizo", na duka anakutajia kabisa maana cha juu chake kiko huko. Usitoe hela kwanza. Gari kuwa ngumu na gari kuwa na shokapu mbovu ni vitu viwili. Shokapu ikifa gari haitulii baada ya tuta, inapanda na kushuka, pua inazama ukishika breki, tairi zinalika kwa mabakamabaka. Kama yako inapiga kwa ukavu tu halafu inatulia, anzia kwenye tairi.

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika ya Kijapani yenye namba za upepo kwa kPa, ikisema 220 hiyo ni kama 32 ya geji zetu, sasa wengi wanajaziwa 40 pale barabarani eti tairi isichoke halafu wanalalamika gari ngumu. Cheki na umri, ile alama ya DOT pembeni ya tairi inaishia na tarakimu nne, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, tairi ya namna hiyo imeshakauka hata kama inaonekana bado ina kashata. Na kama unasikia kok kok ukipita kwenye rasta taratibu, mara nyingi hizo ni linki za stabilaiza (vifimbo vinavyosaidia gari isilale kwenye kona) au bushi (raba za kwenye maungio), vitu vya bei ndogo kabisa ukilinganisha na shokapu nne.

Ila ukichungulia ukakuta shokapu imelowa oili mpaka vumbi limeganda kama tope, hapo sawa, twende dukani. Mpangilio wangu ndo huu.

Namba moja ni Kayaba mpya, ile inayoandikwa KYB, chukua Excel-G. Ina oili na gesi ndani na ugumu wake uko karibu na wa kiwandani. Wana nyingine inaitwa Gas-a-Just, hiyo inakaza zaidi, kwa mtu anayeingia barabara za mtaani zisizo na lami kila siku mi simshauri. Shida ya Kayaba ni feki zipo kibao, kwa hiyo namba ya kwenye boksi lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye chuma chenyewe, na muuzaji akuandikie risiti yenye hiyo namba, akianza kuzunguka zunguka ondoka.

Namba mbili, Toyota genuine. Kwa ubora hata ingekuwa ya kwanza, nimeishusha kwa ajili ya bei tu, na isitoshe Kayaba ni mmoja wa wanaowatengenezea Toyota. Namba za Toyota zinazoanza na 48510 ni za mbele kulia, 48520 mbele kushoto, 48530 za nyuma, ukiujua huo mwanzo hakuna wa kukuuzia mbili za upande mmoja. Tokico na Monroe nazo poa ukipata ya gari yako.

Namba tatu ndo tutabishana: used ya Japani. Najua Ilala na Gerezani ukiuliza utaambiwa used ya Mjapani inaishinda mpya yoyote, na kwa injini au gia boksi naelewa, lakini shokapu ni kitu cha kuisha, sili yake (raba inayozuia oili isitoke) inazeeka hata ikiwa imekaa stoo. Ukiamua kuchukua, isimamishe wima, sukuma ile fimbo mpaka chini kisha ivute juu, kila safari iende kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho bila kuwa na sehemu inayoteleza bure, na kuivuta kuwe kugumu kuliko kuisukuma. Ya gesi itajipandisha yenyewe polepole, ya oili tupu itabaki chini, hiyo sio ubovu. Pitisha kucha kwenye fimbo, ukihisi vishimo vya kutu iache, vitaichana sili. Na iliyopigwa rangi nyeusi inayong'aa mpaka namba hazisomeki, jiulize kwa nini mtu kahangaika kuipaka.

Namba nne ni mpya zisizo na jina. Unakaa nazo kwa bahati nasibu, basi.

Za kukimbia ni mbili. Kwanza ile ya kutoboa shokapu, kujaza oili na kuichomelea, gesi haipo tena humo. Pili spesa za kuinua gari, hizi IST nyingi zimewekewa ili zisikwangue chini, sawa inainuka lakini zile za kwenye springi zinafanya shokapu ifanye kazi ikiwa imevutika, kwa hiyo kwenye mashimo inafika mwisho wake haraka na kugonga. Mtu ananunua shokapu mpya juu ya spesa kisha anasema Kayaba za siku hizi hovyo!

Nunua mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, na ongeza mauntingi (kikalio cha juu cha shokapu), stopa (raba inayozuia isigonge ikishuka mwisho) na raba ya kuzuia vumbi kama za zamani zimechoka, usirudishe zilizokatika kwenye shokapu mpya. Siku ya kufunga simama hapo hapo. Fundi akiikamata ile fimbo inayong'aa kwa praizi ili isizunguke, mzuie, mkwaruzo mmoja tu unaanza kuvujisha. Bolti za kwenye bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake, sio ikiwa juu ya jeki, la sivyo bushi zinakaa zimejikunja na kuchanika mapema. Za mbele ukishafunga nenda alaimenti (kunyoosha tairi) siku hiyo hiyo.