"Canción" au "canto": neno lipi kwa wimbo upi

Mwanafunzi wa Kihispania anayetaka kuutaja wimbo wa redioni, wenye beti, kiitikio na ala, atumie "canción" bila wasiwasi, kwa kuwa ndilo neno la kawaida kutoka Madrid hadi Buenos Aires, na hata wimbo wa kumbembeleza mtoto huitwa "canción de cuna", ingawa wengi husema "nana" tu. "Canto" lina uzito mwingine: hutaja kitendo chenyewe cha kuimba, sanaa yake, mlio wa ndege, na pia uimbaji wa kale wa kanisani, "canto gregoriano", ambao kuuita "canción" kungeushusha hadhi. Anayesomea uimbaji husomea "canto".

Andalusia, eneo la kusini mwa Hispania, ina utaratibu wake. Uimbaji wa flamenko, sanaa ya huko ya kuimba, kucheza na kupiga gitaa iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, huitwa "cante", na mwimbaji wake ni "cantaor", si "cantante". Kwa maoni yangu, hapa ndipo mgeni hutambulika upesi zaidi. Wimbo wa taifa haumo katika mvutano huu: huo ni "himno", hata ule wa Hispania usio na maneno rasmi.