Miwaridi ya Kununua kwa Bustani ya Nchi ya Baridi: Ipi Itavuka Majira ya Theluji?

Msomaji aliyekulia Nairobi, Arusha au Naivasha anaposikia neno waridi, picha inayomjia ni ya bua refu lililonyooka, lenye ua moja kubwa kileleni, kama yale yanayokatwa kwenye mabanda ya kilimo cha maua na kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Mwaridi wa namna hiyo, ambao watu wa maua huuita chotara wa chai, ndio huo huo unaopangwa mbele ya maduka makubwa ya Minneapolis huko Marekani, na ya Winnipeg na Edmonton huko Kanada, majira ya kuchipua yanapofika, ukiwa umekwisha kuchanua na bei yake ikiwa nafuu. Ni uzuri wa mkakasi. Mmea huo ulizalishwa kwa ajili ya ua, si kwa ajili ya kuhimili nyuzi 30 chini ya sifuri, na asiyekuwa tayari kuufukia ardhini kila Oktoba atanunua mwingine mwaka unaofuata. Mwongozo huu unahusu miwaridi ya vichaka, inayosimama wima katika theluji bila kufunikwa, na nimeipanga kwa kigezo kinachotangulia rangi, harufu na bei: ifikapo Aprili, je, matawi yenyewe yatakuwa hai, au ni mizizi tu?

Tofauti hiyo si ndogo. Iko miwaridi inayouzwa kwa sifa ya kuvumilia baridi ilhali matawi yake hukauka hadi usawa wa udongo kila mwaka, nao mmea hulazimika kuanza upya kutoka chini. Unaishi, lakini haukui. Kwa aina zinazochanua kwenye matawi ya mwaka uliopita hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwaka huo hutaona ua hata moja.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua kanda yako. Ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo toleo lake jipya lilitoka mwaka 2023, hugawa nchi kwa wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka: kanda ya 3 ni kati ya nyuzi 40 na 34 za selsiasi chini ya sifuri, ya 4 ni kati ya 34 na 29, na ya 5 ni kati ya 29 na 23. Kanada ina ramani yake inayozingatia pia mvua, upepo na kina cha theluji, kwa hiyo namba za nchi hizo mbili hazilingani sawasawa. Mimi hushauri kununua mmea uliopangiwa kanda moja yenye baridi zaidi kuliko yako, kwa sababu wastani ni wastani tu, na mwaka mmoja wa baridi kavu isiyo na theluji huua mimea mingi kuliko miaka mitano ya theluji nene. Theluji ni blanketi; upepo mkavu wa Januari juu ya udongo ulioganda ndio adui.

Jambo la pili liko chini ya udongo, na nililijua kwa kulipia. Katika mwaka wangu wa pili huku nilinunua mwaridi wa njano dukani, nikaupanda ukutani upande wa kusini, nao ukachanua vizuri hadi Septemba. Majira ya kuchipua yalipofika ulitoa matawi marefu yenye nguvu, nikafurahi, kisha mwezi wa Juni yakafunguka maua madogo ya rangi nyekundu iliyoiva ambayo sikuyanunua. Mwaridi wa njano ulikuwa umebebeshwa, kama tunavyobebesha miembe na michungwa nyumbani, juu ya shina la aina iitwayo 'Dr. Huey'; baridi iliua sehemu ya juu, na shina la chini likachukua bustani. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye kitalu ni iwapo mmea umeoteshwa kutokana na kipande cha tawi na kusimama juu ya mizizi yake mwenyewe. Ukiwa hivyo, hata baridi ikiukata hadi chini, kitakachochipua ni kile kile ulichokilipia. Ukilazimika kununua uliobebeshwa, panda ili kile kifundo cha maungio kiwe sentimita 10 hivi chini ya udongo.

Nafasi ya kwanza naipa 'Thérèse Bugnet'. Georges Bugnet, mwandishi na mkulima mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Alberta, Kanada, mwaka 1905, alichanganya mwaridi wa Asia wenye majani ya makunyanzi, uitwao rugosa, na miwaridi mingine ya nchi za baridi ukiwamo ule wa porini wa Alberta, na tangu mwaka 1950 zao lake linauzwa. Hukua hadi mita 1.5 au 2, matawi hubaki hai katika kanda ya 3, maua ni ya rangi ya waridi iliyopauka yenye petali nyingi, na harufu yake ina ukali kidogo unaonikumbusha karafuu. Miiba si mingi sehemu za juu, na matawi mekundu yaliyozungukwa na theluji ni pambo ambalo aina nyingine hazina. Una kasoro mbili: hutoa machipukizi mbali na shina, na mchanuo mkubwa ni wa mwanzo wa kiangazi, kisha maua huja moja moja. Usiupogoe majira ya kuchipua, kwani utakata maua ya mwaka huo.

Anayetaka maua kuanzia Juni hadi baridi ya kwanza, hasa kwenye uzio, achukue 'John Davis', ninaouweka nafasi ya pili kwa tofauti ndogo sana. Huu ni miongoni mwa miwaridi iliyopewa majina ya wavumbuzi wa safari, iliyozalishwa na Felicitas Svejda katika shamba la majaribio la serikali ya Kanada mjini Ottawa kuanzia miaka ya 1960. Mwanasayansi huyo, mzaliwa wa Vienna, alitaka mwaridi ambao mtu wa kawaida ataupanda na kuuacha, bila kuuzika na bila kuupulizia dawa kila wiki. 'John Davis', uliotolewa mwaka 1986, una matawi laini yanayokubali kufungwa kwenye waya. Ndugu yake 'William Baffin', wa mwaka 1983, ni mkakamavu zaidi na hufika mita 3, lakini hauna harufu ya maana na miiba yake haina huruma. Ununue kama una nafasi na glavu za ngozi.

Nafasi ya tatu ni 'Hansa', rugosa wa Uholanzi wa mwaka 1905, zambarau inayoelekea wekundu. Kwa uzio wa kando ya barabara inayomwagiwa chumvi wakati wa theluji sijaona wa kuushinda, maana jamii hii asili yake ni fukwe za Asia ya kaskazini-mashariki. Wasomaji wenye asili ya Unguja au Oman wanaotamani harufu ya marashi ya waridi, kama yale yanayochemshwa Jabal Akhdar, milimani Oman, kila majira ya kuchipua, wataikaribia hapa: waridi la kule ni la Kidameski, ambalo katika kanda ya 3 huteseka, ilhali petali za 'Hansa' zina harufu nzito na hufaa kwa maji ya waridi. Sharti usizipulizie dawa, na kwa bahati njema majani ya rugosa yenyewe huichukia dawa. Anayeishi Finland asiuchanganye na rugosa wa kawaida: huo umeenea kwenye fukwe kama magugu, na tangu Juni 2022 ni marufuku kuuotesha.

Kwa bustani ndogo au kando ya ngazi, nafasi ya nne ni 'Morden Blush', wa kituo cha utafiti cha Morden, Manitoba, wa mwaka 1988. Haupiti mita moja, na maua yake yaliyopauka, kati ya waridi na rangi ya maziwa, hudumu wiki nyingi. Matawi yanaweza kukauka kiasi, lakini huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo hupotezi msimu. Tatizo ni ugonjwa wa madoa meusi: mpe nafasi yenye upepo, mwagilia chini na si juu ya majani, na okota majani yaliyoanguka.

'Carefree Beauty', kazi ya Griffith Buck wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, wa mwaka 1977, ni wa tano kwa sababu ya kanda tu. Mwenye kanda ya 5 anaweza kuupandisha hadi juu ya orodha. Wa mwisho ni 'Knock Out', uliotoka mwaka 2000, ambao utaukuta kila duka. Hauugui madoa meusi kwa urahisi na huchanua bila kuchoka, lakini kanda yake ni ya 5. Minnesota kaskazini hukatwa hadi chini karibu kila mwaka. Kuhusu rangi ya njano, matarajio yawe madogo: 'Morden Sunrise' wa mwaka 1999 ndio ninaoweza kuutaja, na hauna nguvu ya hao wa juu.

Wakati wa kununua, mmea wa mizizi mitupu, unaouzwa Aprili na Mei ukiwa umelala, huwa wa bei ya chini kuliko wa kwenye chungu, na ukiulowesha kwenye maji usiku kucha kabla ya kupanda hauna upungufu wowote. Chagua wenye matawi matatu au zaidi, unene wa penseli, gome la kijani lisilokunjamana. Kataa uliokwisha kutoa machipukizi marefu meupe ndani ya mfuko. Wa kwenye chungu, mwombe muuzaji autoe kidogo. Mizizi inayozunguka kama kamba imekaa humo muda mrefu mno.

Mbolea ikome katikati ya Agosti ili matawi yakomae, na maji yaendelee hadi udongo ugande. Pamoja na mmea, nunua wavu wa waya wenye matundu madogo, urefu wa sentimita 90, uzungushie kabla ya theluji ya kwanza, kwa kuwa sungura hupanda juu ya theluji iliyorundikana na kula magome ya tawi ambalo nyuzi 35 chini ya sifuri zilishindwa kuliua.