Three Thousand Years of Longing: Jini Hodari wa Hadithi, Mapenzi ya Haraka

Filamu ya Three Thousand Years of Longing, iliyoongozwa na George Miller wa Australia na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2022, ina dakika 108, na kwa sehemu kubwa ya dakika hizo watu wawili wameketi katika chumba cha hoteli wakizungumza. Mtazamaji anayekuja akitarajia jini wa vichekesho, au vishindo vya magari vya filamu za Mad Max vilivyompa Miller umaarufu, huenda akadhani amekosea ukumbi. Kwa maoni yangu mazungumzo hayo ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote, na filamu huanza kupwaya pale wahusika wanapokitoka chumba hicho.

Alithea Binnie, anayeigizwa na Tilda Swinton, ni msomi Mwingereza anayechunguza namna hadithi zinavyoundwa. Amefika Istanbul kwa ajili ya kongamano, akanunua sokoni chupa ndogo ya kioo, na alipokuwa akiisugua kwa mswaki wa umeme akatoka jini, Idris Elba, mwenye mwili mkubwa kiasi cha kukijaza chumba kizima. Mwanzoni wanazungumza kwa Kigiriki cha kale, hadi jini anapojifunza Kiingereza kwa kuitazama televisheni kwa muda mfupi tu. Kisha anajipunguza, wote wawili wanavaa majoho meupe ya kuogea ya hoteli, na masharti yanawekwa mezani: matakwa matatu, yatoke moyoni kwa dhati, na mwombaji asijaribu kuomba nyongeza ya matakwa wala uzima wa milele.

Utamu wa mandhari hayo ya chumbani unatokana na ukweli kwamba Alithea si mtu wa kurubuniwa. Hadithi za matakwa amezisoma maisha yake yote, anajua kwamba aombaye kwa pupa hujuta, na isitoshe anashikilia kuwa ameridhika na maisha yake na hana anachokitamani. Kwa jini hilo ni balaa, kwa kuwa asipoombwa hapati uhuru wake. Mwenye uwezo wote ndiye anayebembeleza, na binadamu asiye na kitu ndiye mwenye kukubali au kukataa. Silaha pekee iliyobaki mikononi mwa jini ni kusimulia jinsi alivyofungwa mara tatu katika miaka 3,000, na katika kila kifungo kuna mwanamke.

Simulizi ya kwanza ndiyo iliyonivutia zaidi. Jini anampenda Malkia wa Sheba, ambaye anaigizwa na mwanamitindo wa Uganda, Aamito Lagum, kwa utulivu unaofanya mtu asishangae kwa nini jini alitekwa. Mfalme Suleimani anapokuja kumposa haji na majeshi. Anakuja na chombo cha muziki kinachojipiga chenyewe. Kamera inakaa juu ya vitu vidogo vidogo vya chombo hicho, kisha inageukia uso wa malkia ukilegea, na jini, aliyekuwa akiamini kwamba yeye ndiye mwenye siri za moyo wake, anatazama tu. Baada ya hapo ni chupa ya shaba na vilindi vya bahari.

Simulizi ya pili inapita katika kasri la masultani wa Uturuki, kuanzia fitina zilizomponza Mwanamfalme Mustafa, aliyeuawa kwa amri ya baba yake mwaka 1553, hadi enzi za Murad IV na ndugu yake Ibrahim. Ina watu wengi mno, na masuria wanene wa Ibrahim wanaonyeshwa kwa kejeli ambayo filamu ingeweza kuishi vizuri bila kuwa nayo. Ya tatu inarudi kwenye mstari. Zefir, mke kijana wa tajiri mmoja wa karne ya 19, amefungiwa nyumbani na anachoomba ni elimu. Jini anampenda mno hata anakubali kuingia chupani kwa hiari ili kumtuliza anapochukizwa naye, na kwa njia hiyo kifungo chake cha mwisho anakuwa amekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Burcu Gölgedar anamwigiza Zefir kwa hasira ya mtu anayejua mengi na asiyeweza kwenda popote.

Ndipo Alithea anapotamka ombi lake, nalo ni kupendwa. Hapa filamu ilihitaji kutulia, kwa sababu swali lililo mbele yetu ni zito: penzi lililoombwa kwa jini asiye na ruhusa ya kukataa, je, ni penzi au ni utumwa mwingine? Badala yake tunahamishwa ghafla hadi London, ambako mawimbi ya simu na televisheni yanamdhoofisha jini, na majirani wawili wabaguzi wanaingizwa ili watamke maneno mabaya kisha walainike upesi. Swali lenyewe linajibiwa hatimaye, na mwisho wake sitausimulia, lakini linajibiwa kwa harakaharaka baada ya saa nzima ya subira.

Picha za John Seale zina rangi za kushibisha macho, ingawa baadhi ya mandhari yaliyotengenezwa kwa kompyuta yanang'aa kupita kiasi. Sauti nzito ya Elba inabeba huzuni bila kuililia, na Swinton anajua kusikiliza, kipaji kisichosifiwa vya kutosha kwa waigizaji. Filamu iligharimu takriban dola milioni 60 na kurudisha karibu milioni 20 tu kumbini, hasara ambayo kwangu inatokana zaidi na ugumu wa kuitangaza kazi ya namna hii kuliko na ubora wake. Itafaa zaidi kutazamwa nyumbani usiku, bila simu mkononi. Wazazi wasidanganywe na neno jini: kuna utupu, mapenzi ya watu wazima na damu, na watoto hawakuandaliwa chochote humu.