Karura, Oloolua na Ngong: njia za matembezi za Nairobi kwa asiye na gari

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia Jumamosi zangu kutembea misituni na milimani karibu na Nairobi, na safari zote hizo nimezifanya kwa matatu. Kwa hiyo kipimo changu cha njia nzuri ni hiki: je, asiye na gari anaweza kufika langoni asubuhi, akatembea bila kupotea wala kuhofia usalama wake, kisha akapata usafiri wa kurudi kabla giza halijaingia? Kwa kipimo hicho nimezipima njia tatu ambazo mgeni wa matembezi hutajiwa mara kwa mara, nazo ni za Msitu wa Karura, Oloolua kule Karen, na Milima ya Ngong.

Karura naiweka mbele ya nyingine kwa sababu ya utaratibu wake. Msitu huu wenye hekta zipatazo 1,041 umekatwa vipande vitatu na Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, na kipande cha katikati, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kina vijia vya kutosha kummalizia mtu siku nzima. Anayepanda matatu ya Ruaka hushuka karibu kabisa na lango la Barabara ya Limuru, na anayependa upande wa pili hupanda matatu ya Kiambu, namba 100. Ndani, makutano ya njia yamepewa namba zilizoandikwa kwenye vibao, hivyo mtu mwenye ramani anajua wakati wote alipo, na hilo kwangu lina thamani kuliko mandhari yoyote. Namshauri anayekuja mara ya kwanza aelekee kwenye maporomoko ya Mto Karura, ambako maji huanguka kiasi cha mita 15, kisha aendelee hadi kwenye mapango yaliyokuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina kivuli kizito, na mwenye kutembea kimya na kutazama juu huweza kuwaona mbega wakiruka kutoka mti hadi mti.

Siwezi kuisifu Karura nikanyamaza kuhusu gharama iliyolipwa ili ibaki msitu. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti hapa, wakipinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Kila ninapopita langoni hulikumbuka jambo hilo kwa shukrani.

Kasoro zipo. Jumapili mchana watu ni wengi mno, na waendesha baiskeli hupita kwa kasi kwenye njia zilezile zenye watoto. Wakati wa masika udongo mwekundu huteleza vibaya, hasa kwenye miteremko ya kuelekea mtoni, kwa hiyo viatu vyenye soli laini viachwe nyumbani. Mwenye kutafuta utulivu aende Sigiria, kipande kilicho magharibi mwa Barabara ya Limuru, ambako mara nyingi nimetembea saa nzima nikikutana na watu wachache tu. Maji nayo yabebwe katika chupa isiyo ya kutupwa, kwani chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 2020.

Oloolua ni njia fupi ya kilomita tano hivi, iliyo katika eneo la taasisi ya utafiti wa nyani. Inapita kando ya Mto Mbagathi penye mafunjo, maporomoko madogo na pango. Shangazi yangu mwenye umri wa miaka 68 aliimaliza kwa kupumzika mara mbili tu. Kwa wazee na watoto sijaona njia inayoishinda, ingawa kutoka Karen unahitaji bodaboda, na mwenye miguu iliyozoea ataimaliza akiwa bado na hamu ya kutembea.

Ngong ni jambo zito zaidi. Matatu namba 111 hukufikisha mjini Ngong, kisha bodaboda hukupandisha hadi lango lililo karibu na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka juu ya mgongo wa vilima hadi Kona Baridi, zaidi ya kilomita kumi, ikipitia kilele cha Lamwia chenye mita 2,460. Upande mmoja unaiona Nairobi, na upande wa pili ardhi inaporomoka hadi Bonde la Ufa; katika njia hizi tatu hakuna mandhari inayokaribia hiyo. Hata hivyo kivuli ni haba, upepo ni mkali, na changarawe za miteremkoni huumiza magoti. Watembezi waliwahi kuporwa huku, kwa hiyo namsihi kila mtu aombe askari wa misitu wa kumsindikiza, hata kama kundi lake ni kubwa.

Zaidi ya yote, saa ya kuanza ndiyo huamua. Safari moja nilijiunga na kundi la kulipia ambalo waandaaji wake walituanzisha saa tano na nusu asubuhi bila kutueleza ukali wa vilima, na wawili kati yetu walifika Kona Baridi jioni wakiwa hawana maji wala nguvu. Tangu hapo huwa langoni kabla ya saa mbili, nikiwa na lita mbili za maji na koti la upepo, na saa nane mchana huwa nimeshafika barabara ya Magadi nikisubiri matatu ya Kiserian. Aliye na mzee au mtoto ageuze kwenye kilima cha tatu na kurudi langoni, kwa kuwa hapo Bonde la Ufa limekwisha kuonekana lote.